Kimya cha Redio Kina Aina Zake

Redio ya valvu ikizima ghafla, wenye nyumba husema imekufa. Fundi hakubali haraka hivyo. Kwanza anataka kujua imenyamaza kimya cha namna gani. Anaiwasha, anaipa kama nusu dakika valvu zipate moto, kisha anatega sikio kwenye spika. Ukisikika mvumo mdogo wa mbali, umeme mkubwa unafika na valvu ya mwisho haijalala. Pasipo hata mvumo, atashuku spika, transfoma yake, au umeme wenyewe. Hajashika bisibisi, na tayari mashaka yake yamepungua nusu.

Chukua redio ya mezani ya Ulaya ya miaka ya 1950. BBC ilipoanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, redio za ukoo huo ndizo zilizokaa sebuleni kwenye nyumba zenye umeme. Ndani mna ECH81 inayopokea mawimbi na kuyabadili masafa, EF89 inayoyakuza, EABC80 inayochambua sauti, EL84 inayoisukuma spika, na EZ80 inayonyoosha mkondo wa umeme. Fundi anaanzia mwisho, arudi nyuma kuelekea antena. Mkono mmoja uko mfukoni, maana humo mna volti zipatazo 250, na kapasita kubwa huweza kumrusha mtu hata plagi ikiwa imechomolewa. Kwa ule mwingine anagusa kwa ncha ya bisibisi mguu wa kati wa kidhibiti sauti. Spika ikinguruma, njia ya sauti ni nzima na ubovu uko huko nyuma, upande wa antena. Ikikaa bubu, ameshaufungia ubovu kwenye kipande kifupi tu cha waya.

Watu hushuku valvu kwanza kwa sababu ndizo zinazoonekana. Kumbe nyingi huishi miaka na miaka. Katika redio ndogo za Kimarekani zisizo na transfoma ya umeme, filamenti zimeungwa mfululizo, hivyo moja ikikatika zote zinazima. Hapo valvu ina kesi ya kujibu. Kwingineko mimi ningeanza na kapasita.

Hasa ile ndogo ya karatasi na nta inayoipelekea EL84 sauti. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti. Ikizeeka hunyonya unyevu, ikaanza kuvujisha, na gridi ya EL84, ambayo mita ingepaswa kuisoma sifuri, inapata volti kadhaa chanya. Valvu inakunywa umeme kupita kiasi, sauti inakwaruza, na ukiizima taa ya chumba unaona bamba lake likiwa jekundu kama kaa. Asiyejua hununua EL84 mpya, nayo ikaungua vilevile. Anayejua anafungua mguu mmoja wa kapasita na kutazama mita: volti zikitoweka, mwizi amekamatwa. Kipuri chenyewe ni cha bei ya chai.

Siku hizi wapo wanaobadilisha kapasita zote kwa mkupuo kabla ya kuiuliza redio chochote. Siwalaumu sana, kwani zile za karatasi karibu zote zimechoka. Ila redio ikikataa baada ya hapo, hawajui kama ubovu ni ule wa zamani au ni waya waliouunga vibaya wenyewe. Wabaya zaidi ni wanaozungusha vile viskrubu vya transfoma za masafa ya kati. Havijawahi kuizima redio ghafla, na kuvirudisha mahali pake pasipo jenereta ya mawimbi ni kazi ya kubahatisha.

Baada ya kulehemu, fundi mzuri hafungi kasha. Anaiacha ipige saa nzima ikiwa wazi, kisha anapima gridi upya, maana kuna kapasita ambazo huvujisha zikishapata joto tu.