Kisichokuwamo Kapuni

Anayetaka kupima huduma ya kuletewa mboga nyumbani aanze na orodha, kabla kapu lenyewe halijafika. Mkulima wa mboga zisizopigwa dawa akikuandikia kwenye WhatsApp mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea Lilongwe, akakuahidi nyanya, kabichi na karoti kila wiki bila kukosa, muulize anazipataje. Nyanya ya shamba la wazi wakati wa mvua huandamwa na bakajani. Anayeitoa safi mfululizo ama ana banda la nailoni, ama ana bomba la dawa mgongoni. Mkulima ninayemwamini mimi ndiye anayejibu hivi: "Mama, nyanya mwezi huu hazimo. Nina lengalenga, majani ya maboga na bamia." Jibu hilo nalipa uzito kuliko karatasi yoyote, maana aliyelitoa amekubali kukosa pesa kwa ajili yake.

Malawi ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Mvua zikikatika, mboga huhamia dimba, yaani mabonde yanayobaki na unyevu, na hapo kapu hujaa kweli: repu, chainizi, vitunguu, karoti, nyanya. Kabichi na viazi mviringo vinavyouzwa mjini, vingi hushuka kwa malori kutoka Dedza na Ntcheu, kwenye miinuko yenye baridi. Kwa hiyo kapu linaloitwa la wilaya ya Dowa likija na kabichi kubwa ngumu katikati ya joto la Oktoba, huenda limepitia sokoni kwanza. Mwenye huduma akisema wazi kwamba kabichi amenunua kwa mwingine, sina neno. Akinyamaza, na mboga zake nyingine zinaingia shaka.

Kapu likifika, tazama vikonyo kabla ya majani. Jani hudanganya kirahisi, kwa kuwa maji machache ya kunyunyizia hulisimamisha tena. Pale kisu kilipopita ndipo ukweli ulipo: mboga iliyochumwa alfajiri ina mkato wa kijani, wenye unyevu, na ukiukandamiza kwa ukucha unatoa maji. Iliyolala huwa na mkato wa kahawia uliojikunja kwa ndani. Ukikuta majani yamelowa na mkato umekauka, jua kwamba imelala na ikaamshwa. Mizizi ikiachwa na udongo wake, ni vizuri zaidi. Lengalenga iliyong'olewa na mizizi yake husafiri vizuri kuliko iliyokatwa.

Halafu kuna suala la matundu. Wengi wameambiwa kwamba jani lenye matundu ndilo cheti cha mboga asilia, na wauzaji wamelishika neno hilo. Si kweli. Tundu linaonyesha kwamba mdudu alipita siku moja. Halisemi kilichofuata baada yake. Ninachotafuta ni mpangilio. Majani ya chini, yaliyo makubwa, yana matundu mawili matatu, na machipukizi ya juu ni safi: huyo ni mkulima anayekagua shamba kila siku, anaokota viwavi kwa mkono, anapanda vitunguu katikati ya mboga. Jani lililotobolewa lote hadi kubaki mishipa ni uzembe, wala halistahili bei ya juu kwa sababu tu halikupigwa dawa. Geuza jani nyuma pia. Vidukari wachache chini ya jani la mpiru hawanitishi. Wakifunika jani zima, huenda mmea ulikuwa na kiu au udongo wake umechoka.

Nyanya nazo uzikague begani, pale zinaposhikana na kikonyo. Dawa ya ukungu ya unga, ambayo wakulima wengi hupiga, huacha vumbi jeupe au la rangi ya samawati katika kishimo hicho, hata kama sehemu nyingine imefutwa kwa kitambaa.

Mbolea ya yurea haiachi vumbi, ila jicho lililozoea huitambua. Jani linakuwa kubwa kupita kiasi, kijani kilichoiva hadi kukaribia bluu, nene na lenye maji. Ukilitia sufuriani linanywea na kubaki konzi moja, na ladha yake haikumbukwi. Hapa pana jambo linalowachanganya hata wakulima waaminifu. Nchini Malawi imeenea mbolea iitwayo Mbeya, na ni mbolea nzuri: samadi, pumba za mahindi, majivu na maji, vikichanganywa na mbolea ya dukani, mara nyingi kilo 10, kisha vikafunikwa kwa wiki kama tatu. Inaokoa pesa nyingi. Lakini ndani yake mna mbolea ya kiwandani, na aliyeitumia hawezi kuuza mboga zake kwa jina la kilimo hai. Wengi hawajui, kwa sababu inanuka samadi na wameichanganya wenyewe. Usiulize "mnatumia kemikali?" Kila mtu atakataa. Uliza "mbolea yako unaichanganyaje?" na umwache aeleze hatua kwa hatua.

Vivyo hivyo kwa dawa za asili. Mwarobaini, pilipili na majivu sina tatizo navyo. Utupa, ule mmea ambao watu wa maziwa yetu wamevulia samaki tangu zamani, unaua wadudu vizuri, lakini ni sumu, tena sumu kali kwa samaki. Mkulima anayeutumia aniambie alipiga siku gani na alisubiri muda gani kabla ya kuvuna, na bomba lake asilioshee kwenye kijito.

Maji ndiyo swali ninaloliweka juu ya yote, na ndilo linalosahaulika. Kipindupindu kilichoanza Malawi Machi 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700 kabla hakijatulia mwaka uliofuata. Saladi iliyomwagiliwa kwa maji ya mtaro inaweza isiwe na dawa ya shambani hata tone, na bado ikakulaza hospitali. Mboga ya kupika moto utaisafisha. Saladi, giligilani na karoti za kutafuna zitoke kwa mtu mwenye kisima kilichofunikwa, mbali na vyoo, na anayetumia samadi iliyooza kabisa hadi ikawa mboji isiyo na harufu.

Suala hilo la maji linatufikisha kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo usiofika kilomita 50 kutoka Lilongwe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hadi 12,000, na leo wamo zaidi ya 50,000: Wakongo ndio wengi, kisha Warundi na Wanyarwanda. Nyumba zimebanana na visima vinagombewa. Mwenye kulima hupanda nyuma ya nyumba, kwenye magunia, au hukodi kipande kwa wenyeji. Udogo huo wa shamba una faida yake: mboga zinachumwa na mikono iliyozipanda, chache chache, asubuhi ileile. Lakini shamba la kukodi lina historia ambayo mkodishaji haelezi. Dowa ni nchi ya tumbaku, na tumbaku hupigwa dawa. Ukitembelea, simama kwenye tuta uulize mwaka jana palilimwa nini, na jirani wa upande wa juu analima nini sasa, maana mvua huteremsha kila kitu.

Katika jambo moja wakulima wa Dzaleka hawana wa kuwafikia, nalo ni sombe, yaani kisamvu. Mtu wa Bukavu au Uvira, kule Kongo, hahitaji kufundishwa kuchagua jani changa. Sombe iliyotwangwa ikikufikia mlangoni, iwe ya kijani kibichi, yenye harufu ya jani lililokatwa. Ikishakuwa nyeusi au ikatoa uchachu, imekaa kwenye mfuko muda mrefu. Isiwe laini kama uji, kwani iliyosagwa kwa mashine hadi ikaisha hupoteza utamu wake. Na ichemshwe vya kutosha, sufuria ikiwa wazi, ili sumu ya muhogo itoke na mvuke. Anayekuletea sombe bila kukukumbusha hilo, hasa ukiwa mgeni wa chakula hicho, hajakamilisha kazi yake.

Wanaotaka alama wanaiulizia Kilimohai, iliyokuja na kiwango kilichopitishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Malawi haimo katika Jumuiya hiyo. Kinachoweza kuigwa hapa ni ule utaratibu wa Tanzania, Kenya na Uganda wa wakulima kukaguana wao kwa wao, wateja wakialikwa. Kundi linalokuruhusu kufika shambani siku ambayo halikukutarajia limekupa kitu kikubwa kuliko muhuri.

Safari yenyewe isizidi nusu siku. Tangu agizo la serikali la mwaka 2023 la kuwarudisha wakimbizi kambini, mkulima wa Dzaleka hawezi kuhamia mjini kufuata wateja. Mboga zake husafiri kwa minibasi, kisha kabaza, yaani baiskeli au pikipiki ya kukodi. Napenda kapu la majani lililofunikwa kitambaa chenye maji, mboga za majani juu, viazi na maboga chini. Mfuko wa plastiki uliofungwa huchemsha lengalenga kabla ya jiko. Bei ya kuletewa itajwe peke yake, isifichwe kwenye bei ya mboga. Kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023 na gharama zikapanda, waliokuwa wametenganisha bei walieleza ongezeko lao kwa sentensi moja.

Mboga zikija zimenyauka, piga picha ya vikonyo, umtumie mkulima siku hiyohiyo kwa heshima, kisha ungoje wiki inayofuata. Wapo watakaokurudishia pesa kwa Airtel Money au Mpamba, na hilo ni sawa. Ila ninayebaki naye ni yule anayenipigia simu kuuliza zilifika saa ngapi, zilikaa wapi, na dereva wa kabaza alipita njia ipi.