Siku Mbingu Ilipopigwa Faini

Ndugu msomaji, sisi tulioishia Kidato cha Nne tulifundishwa kuhakiki kitabu kwa mpangilio maalumu: fani kwanza, maudhui yafuate, mwisho kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Elimu yangu ya uhakiki inaishia hapo. Leo naitumia kuhakiki siku moja badala ya kitabu: Jumatano ya tarehe 11 Julai 1979, siku Skylab ilipodondoka.

Kwa nini siku hiyo? Mswada wangu wa riwaya kuhusu Vita vya Kagera umerudishwa kwa mara ya pili na mchapishaji mmoja, ukiwa na maneno haya pembeni mwa sura ya kwanza: "Mizinga mingi, watu hatuwaoni." Nilinuna siku tatu. Ya nne nikaenda kwa bibi, nikamwamkia, nikamwuliza mwaka 1979 anaukumbuka kwa lipi. Nilitegemea ataje kuanguka kwa Kampala. Bibi akasema, "Mume wangu, si ndio mwaka lile dude la Wamarekani lilitaka kutuangukia?"

Basi, tuanze na fani.

Msuko wenyewe unaanza tarehe 14 Mei 1973, Marekani iliporusha angani kituo chenye uzito wa tani 77 hivi. Watu tisa walikaa humo kwa zamu tatu, na wa mwisho wakaondoka Februari 1974. Baadaye ikatarajiwa kwamba chombo kipya, kile cha kwenda na kurudi, kingekwenda kukisukuma kituo juu zaidi. Chombo kikachelewa mpaka mwaka 1981. Jua nalo likachachamaa, hewa ya juu ikatanuka, ikawa inakipunguza kasi kituo na kukishusha kidogo kidogo. Yaani nyumba inaporomoka, na fundi anasema njoo kesho. Nani kati yetu hamjui fundi huyo?

Taharuki ilikuwa si mchezo. NASA, kwa nia njema kabisa, walitoa hesabu: uwezekano wa kipande kumgonga mtu yeyote duniani ni mmoja kwa 152, na wa kukugonga wewe hasa ni mmoja kwa bilioni 600. Hapa kuna somo kwa waandishi chipukizi. Msomaji mwenye hofu ukimpa namba, atashika ile mbaya na kwenda nayo kitandani. Huko Marekani wajanja waliuza fulana zenye alama ya shabaha. Ufilipino, Rais Marcos alitokea kwenye televisheni kuwatuliza wananchi. Gazeti la San Francisco Examiner likaahidi dola 10,000 kwa mtu wa kwanza atakayefikisha kipande ofisini kwao ndani ya saa 72.

Kilele kilifika yapata saa moja na nusu usiku kwa saa zetu. Waongozaji walikuwa wamekigeuza kituo wakikusudia kiangukie baharini, kusini mwa Afrika. Dude halikuvunjika upesi kama walivyopiga hesabu. Likapitiliza, likamwaga vipande Bahari ya Hindi na magharibi mwa Australia, jirani na mji mdogo wa Esperance, ambako saa sita ya usiku ilikwisha kupita na tarehe imekuwa 12. Hakuna aliyeumia.

Mimi ningeweka nukta hapo. Kishindo, moshi, watu mbio, mwisho wa sura. Kumbe utamu ulikuwa bado. Halmashauri ya Esperance iliwaandikia NASA faini ya dola 400 za Australia kwa kosa la kutupa taka ovyo!

Msomaji, nilicheka mpaka bibi akaniuliza nina nini. Taifa lililopeleka watu mwezini mwaka 1969 linaandikiwa karatasi kama ya mtu aliyetupa ganda la ndizi barabarani. Hakuna hotuba wala matusi, ni kitabu cha faini na kalamu. Naye kijana wa miaka 17 wa mji huohuo akaokota vipande vyake, akapanda ndege mpaka San Francisco, akaziwahi zile dola 10,000. Faini haikulipwa na NASA. Mwaka 2009, miaka 30 baadaye, mtangazaji mmoja wa redio wa Marekani aliwachangisha wasikilizaji wake, akailipa.

Maudhui ndiyo hayo. Tani 77 zilipata maana pale mtu mwenye kazi ndogo alipozifanyia kazi yake ndogo. Ukimtoa mtoza faini na yule kijana, kinachobaki ni chuma.

Sasa kutofaulu. Skylab ilizunguka kati ya nyuzi 50 kaskazini na nyuzi 50 kusini. Kwa hiyo Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura zote zilikuwa chini yake, lakini habari za siku ile zikisimuliwa upya, sisi hatumo hata kama wapita njia. Simlaumu Mmarekani, yeye kasimulia ya kwao. Ya kwetu nani kayaandika? Mimi mwenyewe nimeandika kurasa 200 za mwaka uleule bila kumwuliza bibi yangu swali hata moja.

Bibi anasema habari ile aliisikia akiwa kwenye foleni ya sabuni, Kariakoo. Vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi, na Mwalimu alikwisha kutuambia tufunge mkanda kwa miezi 18. Watu wakawa wanatazama juu, wanasogea hatua moja, wanatazama juu tena. Mzee mmoja akasema, "Liacheni lije. Likiangukia Gerezani, kabla ya jua kuchwa litakuwa masufuria." Foleni nzima ikaangua kicheko. Bibi naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu kaka yake apelekwe vitani. Kaka huyo alikuwa bado yuko Uganda, na barua hakuna.

Huyo kaka yumo kwenye mswada wangu. Yumo sura ya kwanza, katikati ya mizinga, na hana dada.

Nimeifuta sura hiyo. Mpya inaanza kwenye foleni, na vita vinasikika kwa redio ya jirani. Kama mchapishaji ataipokea safari hii, sina hakika. Nauli ya kuipeleka ndiyo natafuta.

Nilimwuliza bibi kama kaka yake alirudi.

"Alirudi," akasema. "Ila sabuni siku ile hatukupata."