Teluridi ya bismuthi: mchanganyiko au msombo?
Katika zoezi moja la tafsiri, mwanafunzi aliandika kwamba teluridi ya bismuthi (Bi₂Te₃) ni "mchanganyiko" wa bismuthi na teluri, na kwamba "huvunjika kwa urahisi". Kiswahili chake ni fasaha, lakini sayansi imepotea.

Mchanganyiko ni kama mchele na maharage: kila kimoja hubaki kilivyo, na mtu aweza kuvitenga kwa mkono. Hapa kila atomu mbili za bismuthi zimefungamana na tatu za teluri. Huo ni msombo. Tena, kila tabaka la fuwele yake lina safu tano za atomu: teluri, bismuthi, teluri, bismuthi, teluri. Ndani ya tabaka vifungo ni imara. Baina ya tabaka na tabaka ni dhaifu. Kwa hiyo fuwele haivunjiki ovyo, bali hubanduka tabaka kwa tabaka. Kitenzi hicho kimoja kingemwonyesha msomaji muundo mzima.

Tusisingizie uhaba wa istilahi, kwani "msombo" na "kubanduka" tunayo tayari. Walimu wenzangu, kabla mwanafunzi hajafungua kamusi, tumtake kwanza achore kitu anachokitafsiri.