Upungufu wa Lugha ya Bwana katika "July's People"

Fasihi iliyotoka Afrika Kusini wakati wa utawala wa makaburu imehakikiwa zaidi kwa upande wa walioonewa, na ndivyo ilivyostahili. Swali la pili, yaani ubaguzi huo ulimfanya nini yule aliyefaidika nao, mara nyingi limeachwa pembeni, labda kwa kuchelea kwamba anayeliuliza ataonekana kumlilia mwenye shibe. Riwaya ya Nadine Gordimer, "July's People", iliyotolewa mwaka 1981, inaliuliza swali hilo bila kulia, na jibu lake limo katika lugha zaidi kuliko katika maadili.

Kisa chenyewe si kirefu. Vita vimezuka Johannesburg (vita vya kubuni, kwani utawala huo uliondoka kwa uchaguzi wa Aprili 1994), na familia ya Smales, yaani Bam aliye msanifu wa majengo, mkewe Maureen na watoto wao watatu, inaokolewa na mtumishi wao July, anayewapeleka kijijini kwake. Ni rahisi kusema kwamba hapo bwana amegeuka mtwana na mtwana amegeuka bwana. Kauli hiyo ni nyepesi mno. Kinachovunjika kijijini si cheo tu, bali mazungumzo; na yanapovunjika inadhihirika kwamba hayajapata kuwapo.

Kwa miaka 15 Maureen ameamini kwamba yeye na July wanaelewana. Yeye na mumewe si watu wa kutukana watumishi, nao wanauchukia ubaguzi. Lakini Kiingereza anachokijua July alikiokota jikoni, viwandani na migodini: ni lugha ya kuamrishwa na kuitikia. Haina nafasi ya shaka, wala ya mzaha, wala ya kumweleza mtu la moyoni. Maureen naye hana lugha ya July hata ya kuombea maji. Baba yake, msimamizi mgodini, aliwasemesha wachimbaji kwa Fanagalo. Binti yake aliyesoma hana hata hiyo. Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda mbali ili aione hali hii. Kisetla cha mashamba ya walowezi kilitosha kuagizia chai na kumwambia mtu "kuja hapa", lakini hakikutosha kumpa pole aliyefiwa. Wanaisimu wamezoea kukitaja kama dosari ya Kiswahili. Ingefaa kitajwe pia kama dosari ya maisha ya waliokisema.

Ugomvi juu ya funguo za gari ndio kiini cha riwaya. July amelichukua gari bila kuaga. Maureen anataka wazungumze kama watu wawili walio sawa, lakini kila neno analolishika linageuka ama amri ama lawama, maana July hajapata kulisikia kinywani mwake kwa namna nyingine. July anapojiita boi wao, Maureen anashtuka, kwa kuwa neno hilo halikutumiwa nyumbani kwake. Hapo kisu kimegusa mfupa. Neno halikutumiwa, lakini kazi ilikuwapo. Staha ile ilimsitiri Maureen mwenyewe, wala haikumpunguzia July mzigo. Hata jina la July ni la jikoni. Kwao anaitwa Mwawate.

Kumbukumbu ya Lydia inaeleza jambo hilo kwa ukali zaidi. Maureen alipokuwa mtoto wa shule, Lydia, mtumishi wa nyumbani kwao, alimbebea mkoba wa vitabu kichwani huku wakitembea kwa furaha, na mpiga picha mmoja akawapiga picha. Miaka mingi baadaye Maureen akajikuta ndani ya kitabu cha picha kuhusu nchi yake, na ndipo alipojiuliza kwa nini Lydia ndiye aliyeubeba mkoba. Upendo wao haukuwa wa uongo. Lakini ilimbidi mgeni apige picha ndipo mtoto wa nyumba ile auone mzigo uliokuwa juu ya kichwa cha mwenzake. Gordimer haongezi neno, naye amefanya vyema.

Hata hivyo riwaya haikuepukana na ugonjwa inaoupima. July anapozungumza na mkewe Martha au na mama yake, maneno yao yanaandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka, kana kwamba pazia halikuwapo. Mwandishi anajidai kuwa na ujuzi ambao kitabu chake kimekwisha kuonyesha kwamba watu wa kundi lake walijinyima. Ni udhaifu, wala hautoshi kutetewa kwa hoja kwamba kila riwaya hutafsiri.

Karibu na mwisho mambo ni tofauti. Bunduki ya Bam imeibwa, Maureen anamtaka July airudishe, na July anamfokea kwa lugha yake mwenyewe. Gordimer haandiki hata neno moja kati ya hayo. Anatuambia tu kwamba Maureen aliyaelewa yote bila kulijua lolote: kwamba utu wa mtu huyu haukuwahi kupimwa kwa mizani yake. Ukimya huo una ukweli kuliko mazungumzo yote ya Martha.

Katika familia nzima ni Gina peke yake, binti mdogo, anayejifunza maneno ya kijiji, kwa kucheza na Nyiko. Mama yake, asikiapo helikopta ambayo hajui ni ya rafiki au ya adui, anavuka mto akiikimbilia. Hamwagi mtu.