Utafiti wa Siasa: Urusi na Usukuma

Mwanafunzi wa uzamivu anayekusudia kuandika habari za siasa za nchi hukabiliwa, kabla hajaandika neno lolote, na suali lililo zito kuliko mengine yote: ushahidi ataupata wapi, na akishaupata, ataupima kwa ushahidi gani mwingine? Kwa waliochunguza Urusi ya Kisovieti suali hili lilikuwa gumu mno, maana nchi ilifungwa, majalada ya Chama cha Kikomunisti yalikuwa siri, na raia hakuweza kuhojiwa nyumbani kwake pasi na kutiwa hatarini. Ndipo Chuo Kikuu cha Harvard kikawatuma watu wake Ujerumani Magharibi, miaka ya 1950 na 1951, wakawahoji wakimbizi wa Kisovieti. Na Merle Fainsod wa chuo hichohicho akayachambua majalada ya chama ya mkoa wa Smolensk, ambayo Wajerumani waliyateka mwaka 1941 na Wamarekani wakayatwaa kwao, akayatungia kitabu kilichotoka mwaka 1958. Kazi hizi zina thamani kubwa, ilhali kila moja ina pengo lake, kwani mkimbizi hunena kwa jicho la aliyekimbia, na karatasi ya ofisi aghalabu husema yale ambayo mkubwa alipenda kuyasikia.

Sheila Fitzpatrick, aliyefika Moscow mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa Oxford, aliruhusiwa kuingia katika hifadhi ya nyaraka lakini hakuonyeshwa orodha ya majalada, ikambidi aombe karatasi kwa kukisia. Kilichomfaa mno ni usuhuba wake na mzee Igor Sats, aliyekuwa katibu wa Lunacharsky, waziri ambaye habari zake ndizo alizokuwa akizitafuta.

Sasa na tutazame kwetu. G. Andrew Maguire, mwanafunzi wa Harvard aliyepata shahada yake ya uzamivu mwaka 1966, aliichagua Usukuma, na kitabu chake kikachapwa Cambridge mwaka 1969. Alitaka kujua imekuwaje Jimbo la Ziwa, ilimokuwa Usukuma, ambako serikali ya kikoloni iliizuia TANU tangu mwishoni mwa 1954 hata 1958, likawa na siasa kali kuliko majimbo mengi yaliyoachwa huru. Jawabu alilikuta katika pamba. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini wakulima, wakiamini kwamba wanapunjwa na wanunuzi, waliwekewa wapimaji wao wenyewe, mkulima akaupima mzigo wake kabla ya kuufikisha kwa mnunuzi, akaenda kuuza akiujua uzito wake. Na katika harakati hizo ndipo Paul Bomani na wenziwe walipojenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria.

Ustadi wa Maguire umo katika kuyakutanisha majalada ya serikali na maneno ya watu walioishi mambo hayo. Afisa wa wilaya aliyemwandika mtu kuwa mchochezi alikuwa akiitetea amri yake ya kupunguza mifugo. Naye mchochezi huyo, akihojiwa baada ya Uhuru, hakosi kuikuza sehemu yake. Wawili hawa wanapoafikiana juu ya siku, mahali na jambo lililotendeka, hapo ndipo mtafiti hupata ithibati, nayo ndiyo neema ambayo wachunguzi wa Urusi walinyimwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, kwa rai yangu, sauti zinazosikika zaidi katika kazi ile ni za viongozi, na mwanamke aliyepalilia pamba hiyo katika Wilaya ya Maswa, ambayo zama hizo ilijumuisha nchi ya Bariadi, hasikiki kama inavyostahili.

Pengo hilo laweza kuzibwa na vijana wetu wa uzamili, maadamu nyaraka zipo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982, na kila mageuzi ya namna hiyo ni hatari kwa daftari za zamani. Kwa hiyo nawasihi makatibu wa vyama vya ushirika vya msingi vya mazao (AMCOS) wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wasizichome daftari kuukuu za mauzo ya pamba wala kuziacha ziliwe na mchwa maghalani, bali wazikabidhi kwa maafisa ushirika wa wilaya. Na mwanafunzi mwenye azma ya kuandika siasa za mkoa wetu wa Simiyu awaendee mwaka huu huu bibi na babu zetu waliolima pamba hiyo, wangali hai.