Ukimaliza Fom Foo, Unacheza Wapi?

Kwetu ngoma ni chombo, ni wimbo, ni densi, ni shughuli yenyewe. Kwa hivyo nikiambiwa tamthilia ya muziki ni mambo ya wazungu, nacheka. Tamasha la Drama la shule lina kitengo cha ngoma za kitamaduni: watoto wanaimba, wanacheza sengenya ama gonda, wanasimulia kisa, yote pamoja. Hiyo ni nini basi?

Ila nina neno. Tunawafunza kumpendeza jaji. Mkosaji lazima atubu, ujumbe utamkwe, makofi. Miguu imekomaa, lakini mhusika bado mchanga.

Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini aliijenga Sarafina! ya 1987 na vijana wa mitaa kama yetu, akawafunza mwenyewe. Leleti Khumalo, nyota wake, alitoka KwaMashu, Durban, mji wa bandari kama huu.

Mimi nilicheza sengenya Likoni hadi fom foo. Baada ya hapo, hakuna aliyeniita tena. Vipaji vimejaa huku. Tunachokosa ni mazoezi ya Jumanne tu, yasiyo na kombe mwisho wake.