Isitindike

Nataka kusoma aya mbili za Injili ya Luka jinsi tulivyofundishwa kusoma shairi darasani: polepole, tukiuliza kwa nini neno hili na si lile. Ni sura ya 22, aya ya 31 na ya 32. Chakula cha mwisho kimeliwa, wanafunzi wameshaanza kubishana ni nani mkubwa kati yao, na Yesu anamgeukia Simoni Petro kumpa habari ambayo hakuiuliza. Shetani ametaka kuwapepeta wote. Yeye Yesu amemwombea Simoni.

Ninasoma tafsiri ya 1952, ile ya Union Version, iliyokusudiwa kuwakutanisha wasomaji wa Mombasa na wa Zanzibar waliokuwa na tafsiri zao mbalimbali. Wenzangu wengi wanaiona nzito. Mimi naipenda kwa sababu imehifadhi maneno ambayo mtaani yamekwisha kufa, na mojawapo liko hapa. Yesu haombi imani ya Petro isife, wala isipungue. Anaomba isitindike.

Ni nani bado anasema kutindika? Kamusi zinalieleza kuwa ni kupunguka hadi kwisha, kama akiba inavyokwisha ghalani. Kigiriki cha Luka kinaunga mkono picha hiyo ya akiba: kitenzi chake ndicho kilichozaa, kwa mzizi uleule, kivumishi anachotumia katika 12:33 kwa hazina ya mbinguni isiyokwisha. Sura moja baada ya ombi hili, katika baadhi ya nakala za kale, kitenzi hichohicho kinatumika kwa jua lililotiwa giza saa ya msalaba. Lugha za Ulaya zimechukua humo jina la kupatwa kwa jua. Kwa hiyo mtu anayeombewa hapa ni mtu ambaye ghala lake litakwanguliwa mpaka sakafuni, na ombi linahusu ile pishi ya mwisho.

Kisha kuna kupepeta. Kigiriki kina chekeche; watafsiri wetu wakachukua ungo, na sidhani walikosea. Chekeche hutenganisha kwa ukubwa, basi. Ungo unahitaji upepo na mkono. Aliyewahi kukaa karibu na mtu anayepepeta mchele anajua kwamba punje haichagui irushwe juu kiasi gani, na kwamba kwa muda fulani kila kitu, mchele na makapi, kiko hewani pamoja.

Lakini utajiri wenyewe umo katika viambishi, na hapa Kiswahili kinamfanyia msomaji kazi ambayo Kiingereza cha leo hakiwezi. Wanaotakwa na Shetani ni *wa*, ninyi nyote. Anayeombewa ni *ku*, wewe peke yako. Mtu anayesoma kwa lugha yenye neno moja tu kwa mmoja na kwa wengi hupita hapo bila kujikwaa. Sisi tunajikwaa, na ni vizuri, maana swali linazuka papo hapo: na wale wengine je?

Halafu kuna *me*. Kigiriki kilimruhusu mfasiri aseme "nilikuombea", jambo la jana lililopita. Amesema "nimekuombea". Tendo limekamilika na matokeo yake bado yapo. Simoni hajaanguka, hajaota hata moto uani, na tayari ameshaombewa. Na linapofika suala la kurudi kwake, mfasiri alikuwa na njia mbili: "ukiongoka" au "utakapoongoka". *Ki* ingeacha mlango wa shaka, pengine ataongoka, pengine hataongoka. *Po* inataja wakati. Inachukulia kwamba siku hiyo ipo, ila haijafika. Kama mtu angeniuliza tumaini la Kikristo linakaa wapi katika sarufi, ningemwonyesha silabi hiyo moja.

Sasa tazama ombi hili linaacha nini nje. Haliombi Petro asikane. Ningekuwa mimi ningeomba hilo kwanza, na nadhani hata wewe. Petro mwenyewe anaahidi kifungo na kifo, anajibiwa kwamba kabla jogoo hajawika atakuwa amemkana mara tatu, na hivyo ndivyo inavyokuwa. Kijakazi anamkazia macho penye mwanga wa moto, na mvuvi mwenye upanga anasema hamjui mtu huyo. Luka peke yake, kati ya waandishi wanne, anaongeza kwamba Bwana aligeuka akamtazama. Hasemi ni mtazamo wa namna gani. Waandishi wa mahubiri wameujaza huruma au lawama wapendavyo. Luka ameuacha mtupu, na ninamheshimu kwa hilo.

Nalisema hili kwa sababu aina ya fasihi tunayoisikia zaidi makanisani ni ushuhuda, na ushuhuda una umbo lake: nilikuwa, nikaombewa, nikapokea. Ni umbo zuri, lina mvuto wa hadithi njema, na siwadharau wanaosimama kulisimulia. Lakini halina nafasi ya uani kwa kuhani mkuu. Katika umbo hilo anayeombewa haanguki, na akianguka basi ombi halikufanya kazi, au yeye hakuamini vya kutosha. Mabango ya mijini yameshalichukua neno maombezi na kuliweka karibu na saa, tarehe na namba ya simu, kana kwamba ni huduma ambayo mtu huitembelea akiwa na shida na kuondoka nayo ikiwa imetatuliwa.

Rafiki yangu wa ushirika wa wanafunzi chuoni alimuuguza mama yake kwa miezi mingi. Tulifunga, tulikesha. Mama alifariki. Mhubiri mmoja alimwambia, matanga hayajaanuliwa, kwamba mlango ulifungwa na upungufu wa imani yake. Rafiki yangu si mtu wa kelele. Alikuja chumbani kwangu akakaa kitandani, akasema, "Ndugu yangu, hata ile kidogo niliyokuwa nayo sasa sina. Nashikilia nini?" Sikuwa na hotuba. Nilimsomea aya hizi mbili, nikamwonyesha kwamba ndani yake hakuna mahali Petro anaambiwa ashikilie. Vitenzi vya kushika vyote viko kwa mwombaji. Petro amepewa kazi moja tu, nayo ni ya baadaye: kuwaimarisha ndugu zake. Rafiki yangu alisoma mwenyewe tena, kimya, kisha akauliza swali lile la viambishi.

"Na Yuda?"

Ni swali la haki. Yuda amekuwepo mezani; aya kumi tu nyuma mkono wake umetajwa. Kama ninyi ni ninyi nyote, naye alikuwa katika ungo. Wapo wanaojibu haraka kwamba Petro alijuta na Yuda hakujuta, lakini Mathayo anasema wazi kwamba Yuda alijuta, akarudisha vile vipande 30 vya fedha. Luka hana jibu, na kwangu mimi kimya hicho ndicho udhaifu halisi wa kifungu hiki kama faraja. Kinamtuliza anayesikia jina lake likitajwa. Asiyelisikia inabidi aende kwingine: kwa Warumi 8, ambako Roho huombea watu wasiojua hata waombe nini, au kwa Waebrania 7, ambako maombezi ni ya siku zote na kwa wote wanaomjia Mungu kwa njia ya Kristo.

Shusaku Endo, Mjapani Mkatoliki, aliijenga riwaya yake ya *Kimya* (1966) karibu na jeraha hilohilo. Padre Rodrigues anakanyaga sanamu ya Kristo ili wakulima wanaoteswa waachiliwe, na kwa mbali jogoo anawika. Wasomaji wengi hubishana juu yake. Mimi humwangalia Kichijiro, yule msaliti mlevi ambaye kila akiisha kuanguka hurudi kuomba ungamo, mpaka padre anamchoka. Anachukiza, na Endo hakumsafisha. Lakini ghala lake, kwa namna ambayo hata yeye haelewi, halijatindika.

Tukirudi kwa Petro, mahubiri hupenda kumalizia Pentekoste, mwoga akiwa amegeuka simba mbele ya umati. Barua kwa Wagalatia inaharibu mpangilio huo. Miaka imepita, Petro yuko Antiokia, anakula meza moja na watu wa mataifa. Wanafika watu kutoka kwa Yakobo, naye anaogopa, anajitenga taratibu. Meza nyingine, hofu ileile. Paulo anamkemea mbele ya wote, na anatuandikia maneno aliyomwambia. Petro alijibu nini, hasemi.